Fundi wa kuosha ukuta wa tofali za kuchoma kwa tindikali hapa Tabora: maoni yangu baada ya kazi

Nitaanza na jibu, maana anayejenga anataka jibu kwanza: kazi ya fundi huyu ni nzuri, ukimpata mpe ukuta wako auoshe. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyombania nitaeleza imeenda wapi, tena kwa kirefu, kwa sababu inahusu usalama wa kijana aliyekuwa akimsaidia. Jina na namba yake sivitoi hapa, ila waashi wengi wa mjini wanamfahamu, ukiuliza utaelekezwa.

Nyumba yangu iko Ipuli. Nimejenga kwa tofali za kuchoma, na ukuta wa mbele pamoja na nguzo za baraza sikutaka vipigwe plasta. Tofali zenyewe zilitoka kwenye tanuru lililochomwa vizuri, nyingi nyekundu iliyokolea, ukizigonga zinalia kama kengele. Kuzifunika niliona ni hasara. Shida ikawa kwa waashi. Ukuta waliusimamisha wima, kozi, yaani mistari ya tofali, zimenyooka, hapo sina neno nao. Usafi ndio hawakuwa nao. Saruji ilidondoka kutoka kozi za juu ikagandia kwenye kozi za chini, na kila ilipodondoka saidia fundi alipitisha kitambaa chenye maji. Kitambaa kile ndicho kilichoharibu. Kilitandaza uji wa saruji juu ya uso wa tofali, ukaingia kwenye vitundu, ukakauka, na ukuta mzima ukabaki na ukungu wa kijivu. Nyekundu yangu ikapotea.

Ushauri ukaanza kumiminika. Jirani mmoja akasema nisugue kwa brashi ya waya. Brashi ya waya inakwangua uso wa tofali lenyewe, na vinyuzi vya chuma vinavyokatikia humo vinashika kutu mvua ikianza, unabaki na madoadoa ya kahawia usiyojua yametoka wapi. Mwingine akasema nipake oksaidi nyekundu yaishe. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenitisha, akasema anayo tindikali ya betri nyumbani, tuizimue kwa maji tumwagie. Nawaomba sana, hilo msilifanye. Tindikali ya betri ni ya salfuriki. Ikikutana na saruji inatengeneza jasi, na jasi haiondoki kirahisi kwa maji. Inabaki kwenye viungio, yaani ile saruji iliyo kati ya tofali na tofali, na salfeti iliyonywewa humo inaweza kuendelea kuivimbisha na kuivunja saruji kwa ndani. Ya kuoshea ukuta ni ya haidrokloriki, ile ambayo madukani wanaiuza kwa ajili ya kusafishia vyoo na vigae.

Mwalimu mmoja aliyejenga Cheyo ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi. Siku aliyokuja mara ya kwanza hakukimbilia kufungua begi lake. Alisalimia, "Shikamoo mama," akaomba kikombe cha maji, akakichukua akaenda kuyamwaga ukutani, kidogo kidogo, tofali moja baada ya jingine. Akainama akatazama yanavyonywewa. Kwenye zile zilizoiva sana, zenye weusi kwenye kona, maji yaliteleza yakaacha mstari tu. Kwenye zile za rangi ya chungwa, ambazo kwenye tanuru zilikaa pembeni moto haukuzifikia sawasawa, yalizama papo hapo kabla hayajafika ukingo wa chini.

"Hizi za chungwa ndizo zitakazotuletea maneno," akasema.

Akanieleza, na maelezo yake yalinituliza kwa sababu yalikuwa ya mtu anayejua. Tofali lisiloiva vizuri linanywa. Ukilipaka tindikali likiwa kavu, litainywa tindikali kama linavyonywa maji, na ikishaingia ndani huwezi kuitoa kwa kusugua. Itayeyusha madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo wa tofali, ule ule unaolipa wekundu, na ukuta ukikauka chuma hicho kinakuja juu kama doa la njano au la kutu. Watu husema tindikali imeunguza tofali. Ukweli ni kwamba ukuta haukushibishwa maji kwanza.

Kisha maswali. Waashi walimaliza lini? Kanuni anayoifuata ni kuacha angalau wiki moja tangu kozi ya mwisho ili saruji ya kwenye viungio ikaze, lakini usikae miezi ukisema utaosha ukipata nafasi, maana mabaki nayo yanazidi kukaza na utalazimika kutumia dawa kali zaidi. Viungio ni vya saruji au vya udongo? Hili aliuliza mara mbili, na nitalirudia huko chini. Simtanki linachukua lita ngapi? Nikamwambia elfu moja. Akasema, "Lijaze, na uweke na pipa la akiba." Swali la maji lilimkalisha muda mrefu kuliko swali la pesa. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini mambo yamekuwa nafuu; enzi tulizotegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, sijui ningeanzia wapi.

Hakuanza kazi siku ile. Alifanya majaribio nyuma ya stoo, mahali asipopita mgeni, kwenye sehemu yenye tofali za aina zote mbili. Alichora kwa chaki visanduku vitatu akaandika 20, 15 na 10, maana yake sehemu moja ya tindikali kwa sehemu hizo za maji. Akalowesha, akapaka, akasugua, akasuuza, halafu akafungasha vyombo vyake akaaga. Nikamuuliza mbona hatuangalii matokeo. Akasema ukuta ulioloa unadanganya, tutaangalia ukikauka.

Na kweli ulipokauka picha ilikuwa nyingine. Kisanduku cha 10 kilikuwa safi kabisa kwenye tofali zilizoiva, lakini zile za chungwa zilikuwa zimeota kivuli cha njano kwenye kingo, na saruji ya kwenye viungio ilikuwa imeanza kuchakaa, mchanga unashikika ukipitisha kidole. Kisanduku cha 20 ukungu wa kijivu ulibaki kidogo, ila tofali lilikuwa na rangi yake na kiungio ni kigumu. Akachagua 20, apite mara mbili panapohitaji. Kwangu jaribio hilo peke yake linatosha kumtofautisha na wengine. Mtu akikuambia anaanza kwenye ukuta wa mbele moja kwa moja, mshukuru kwa kuja, mruhusu aende.

Sasa habari ya kununua. Hapa nina malalamiko, na hayamhusu fundi. Duka la kwanza la vifaa vya ujenzi tulilokwenda lilitaka kutuuzia tindikali iliyomiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Chupa ile ile ya plastiki, kifuniko kile kile cha bluu, haina lebo, haina alama, na rangi yake unaweza kudhani ni maji. Muuzaji alishangaa nilipokataa. Mimi ni muuguzi, nimeshakaa na mtoto aliyekunywa kitu kutoka kwenye chupa ya namna hiyo, na koo la mtoto likishaungua halirudi lilivyokuwa. Ndugu zangu wenye maduka, acheni. Na ninyi wanunuzi, msikubali hata ukiuziwa nusu bei. Duka la pili walikuwa na dumu lililofungwa na kiwanda, lina lebo, lina alama ya hatari, limeandikwa ni haidrokloriki ya asilimia kati ya 30 na 33. Hicho ndicho kipimo ambacho hesabu ya 1 kwa 20 inakitegemea. Ukinunua iliyokwisha kuzimuliwa na mwenye duka hujui unachanganya nini.

Kazi yenyewe ilifanyika kipindi cha baridi, mwezi wa Juni, na walianza asubuhi jua halijaupiga ukuta. Si suala la kupenda kazi mapema. Jua likiwa kali tindikali inakaukia ukutani kabla hujaisuuza, na ikikaukia hapo chumvi zake nazo zinabaki hapo. Kwa hiyo walianza upande wa magharibi ambao asubuhi una kivuli, na wa mashariki wakauacha mpaka jua lihame.

Kwanza walikwangua makovu makubwa ukuta ukiwa mkavu, kwa kipande cha mbao ngumu kilichochongwa ncha, na palipogoma wakatumia tindo ndogo kwa kuigonga taratibu. Fundi alisisitiza kwamba tindikali ni kwa ajili ya ukungu na utando mwembamba. Donge la saruji ukitaka kuliyeyusha kwa tindikali, utakula kiungio kabla donge halijaisha. Kisha wakafunika: nailoni kwenye madirisha ya alumini na kwenye grili, turubai juu ya maua, mchanga ukatandazwa chini ya ukuta ili maji ya kuoshea yasitapakae ovyo. Alumini, bati na chuma vyote vinaliwa na tindikali, na hata mvuke wake tu unatosha kuanzisha kutu.

Halafu maji. Mpira ulimwagilia kuanzia juu kabisa, na waliendelea kumwagilia mpaka zile tofali za chungwa zikaacha kunywa, maji yakawa yanateleza kwenye tofali zote sawa. Waliloweshea hata sehemu ya chini ambayo hawakuwa wanaiosha wakati ule, ili michirizi ya tindikali ikishuka ikute ukuta umeshashiba. Hiyo ni hatua ambayo mtu mwenye haraka anairuka.

Kuchanganya alikufanya mwenyewe, hakumwachia msaidizi. Ndoo ya plastiki, maji lita 10 yakatangulia, kisha tindikali nusu lita akaimimina polepole pembeni mwa ndoo huku amegeuzia uso upande upepo unakotoka. Maji kwanza, tindikali baadaye, siku zote. Ukigeuza, ukamwaga maji kwenye tindikali kali, joto linapanda ghafla na mchanganyiko unaruka usoni. Nilimsikia akimwambia kijana maneno hayo hayo kila ndoo, ingawa kijana alishayajua.

Walipaka eneo dogo, kama mita moja ya mraba hivi, wakianzia juu. Hapo niliinama karibu kutazama. Utando wa kijivu unachemka: vipovu vidogo vidogo vinatokea kwenye vitundu vya tofali, unasikia mlio wa fsss hafifu, na chini ya povu wekundu unaanza kuchungulia. Saruji na chokaa vina kalisi. Tindikali inaiyeyusha, povu unaloliona ni hewa ya kaboni dioksaidi ikitoka, na kinachobaki ni kloridi ya kalisi, chumvi inayoyeyuka kwenye maji. Baada ya dakika tatu mpaka tano alisugua kwa brashi ngumu ya nailoni, kisha mara moja mpira wa maji, kutoka juu kwenda chini, mpaka maji yanayotiririka chini yakawa safi kabisa. Ndipo akahamia mita nyingine. Kusuuza kulichukua muda kuliko kupaka na kusugua kukijumlishwa pamoja. Chumvi ile ikibaki inavuta unyevu, na ikifika kwenye nondo za lenta inazilisha kutu. Ndiyo maana nasema tindikali ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika kazi hii. Ulichonunua ni maji na subira ya fundi.

Maji yaliyotiririka waliyamwagia magadi soda yaliyokorogwa kwenye maji mpaka yakaacha kutoa povu kwenye ule mchanga, kabla hayajaachwa yanywee. Kama una kisima karibu na ukuta, hilo lipange mapema.

Sasa nije kwenye nyota niliyoizuia. Fundi mwenyewe alikuja amekamilika: gambuti, glovu ndefu za mpira, miwani iliyofunika macho pande zote, aproni ya nailoni. Saidia fundi wake, kijana ambaye sidhani amefikisha miaka ishirini na mitano, alikuja na ndala, glovu fupi za kuoshea vyombo, na macho matupu. Nilisimamisha kazi. Fundi akasema, "Mama, huyu hapaki, anashika mpira tu." Anayeshika mpira ndiye anayerudishiwa maji yenye tindikali usoni, nikamwambia, na haitaanza kwangu. Walikwenda kuazima miwani na gambuti, tukaendelea. Glovu hawakupata nyingine. Na ni kwenye glovu hizo fupi ambapo mchirizi ulimwingia kijana alipoinua mkono juu; kitu kiliteremka kwenye kifundo cha mkono kikaingia ndani.

Ilikuwa iliyozimuliwa, na tulikuwa na maji mkononi, kwa hiyo aliishia na wekundu uliopona. Lakini hebu niseme kama muuguzi nini tulifanya, kwa sababu nyumba nyingi hapa kwetu watu wangefanya kingine. Glovu ilivuliwa papo hapo, mkono ukawekwa chini ya maji yanayotiririka, na haukuondolewa mpaka dakika 20 zilipotimia kwa kutazama saa. Kijana alitaka kuutoa mapema akisema hauumi tena. Nikamzuia. Nguo iliyolowa tindikali inavuliwa, haifutwi. Hapawekwi asali, hata kama ni asali yetu ya Tabora tunayoiamini kwa kila kidonda. Hapawekwi dawa ya meno, mafuta, majivu wala unga. Magadi soda nayo ni ya kumwagia ardhini, si ya kupaka kwenye ngozi. Ikiruka jichoni, shikilia kope wazi na mwagia maji safi muda huo huo wa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali bila kusubiri uone kama kutapungua. Aliyeimeza asitapishwe, maana kitu kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali, na dumu lenye lebo liende naye. Aliyevuta mvuke akaanza kukohoa atolewe penye hewa, na kifua kikiendelea kubana apelekwe naye.

Na jambo moja la ndani ya nyumba: tindikali iliyobaki msiimwage chooni siku ile ile mliyotumia Jik. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na choo ni chumba kidogo. Hata ndoo iliyokuwa na Jik isitumike kuchanganyia. Yetu ambayo haikuchanganywa ilibaki kwenye dumu lake, likafungwa, likawekwa juu kwenye stoo yenye kufuli, si chini ya sinki.

Kasoro nyingine ni ndogo. Bawaba ya chini ya geti walisahau kuifunika, ikaota kutu kabla ya wiki kwisha. Fundi alirudi akaisugua akaipaka rangi bila kunitoza. Hakunieleza mapema kwamba nailoni na magadi ni juu yangu, nikajikuta natuma mtu dukani kazi ikiwa katikati. Bei tulikubaliana kwa mita ya mraba, na jumla ilikuwa chini ya ile ambayo ningelipa kuupiga ukuta ule plasta na rangi, ukiacha maji. Mwambie aandike kwenye karatasi nani analeta nini.

Wiki chache baadaye ukuta ulitoka unga mweupe sehemu za chini. Dada yangu aliponitembelea akasema kazi imeharibika, nimwite fundi aje arudie na tindikali. Unga huo ni chumvi zilizokuwa ndani ya tofali na saruji zikivutwa nje maji yanapokauka. Ukiumwagia tindikali tena unaongeza chumvi nyingine. Fundi kwa simu alisema niupanguse kwa brashi kavu siku yenye jua, niukusanye kwenye beleshi, nisiurudishe ardhini pale pale. Umeendelea kupungua wenyewe.

Kuna nyumba ambazo fundi huyu anazikataa, na namsifu kwa hilo. Zile zilizojengewa udongo kisha viungio vikachapiwa saruji kwa nje tu, kama zilivyo nyingi mitaani kwetu: maji yote yale ya kushibisha na kusuuza yakipata ufa yanaingia ndani yanalainisha udongo, na ukuta unaweza kupata nyufa kwa ajili ya urembo. Ndiyo sababu aliuliza mara mbili. Ukuta wa tofali za saruji pia anaukataa, kwa kuwa hapo tindikali haitofautishi uchafu na tofali, inakula vyote. Sakafu ya saruji au terazo iliyo chini ya ukuta lazima ifunikwe kwa sababu hiyo hiyo. Tofali zilizokwisha kumomonyoka kwa uzee aliniambia anaosha kwa maji na brashi tu.

Ningependa zaidi msimhitaji kabisa. Kama bado mnapandisha ukuta, mwambieni mwashi akate saruji inayofutuka kwa mwiko kwa kuupandisha, si kuuburuta kwenye uso wa tofali. Donge likidondokea ukutani liachwe likaze kidogo, litang'oka zima kwa ncha ya mwiko, na chembe zilizobaki zipanguswe kwa gunia kavu au brashi laini. Kitambaa chenye maji kisikaribie. Wekeni mchanga au nailoni chini ya ukuta ili saruji inayoanguka isiruke kurudi kwenye kozi za kwanza, na jioni funikeni kozi ya juu mvua isije ikaosha saruji mbichi ikatiririka. Mbao ya jukwaa iliyo karibu na ukuta igeuzwe jioni, maana mvua ikipiga saruji iliyomwagikia pale inarushia ukuta wote.

Kwangu ukuta wa mbele umekamilika. Nguzo mbili za baraza zilizo upande wa geti bado zina utando kidogo kwa sababu fundi hakutaka kuzipitia mara ya tatu siku ile ile, na tumekubaliana arudi kabla ya mvua za Novemba. Nimemwambia sharti langu: kijana aje na glovu zinazofika kwenye kiwiko na miwani yake mwenyewe, vinginevyo geti sifungui. Amekubali. Wakishamaliza nitaongeza hapa zilivyokauka, na kama sharti limetimizwa ile nyota ya tano ni yake.